Shahidi Aliyeulizwa Kondoo

Siku ya kuniaga, nyinyi wakalimani vijana mlinipa blanketi mbili na kiti cha kukunja, mkaniomba niwaandikie mambo ya kazi. Blanketi nimezipokea kwa moyo mkunjufu, maana baridi ya Kitale haina heshima kwa mzee. Kiti kilivunjika wiki ile ile. Kwa hiyo ninaandika haya nikiwa nimekalia sanduku la mbao hapa Matisi, na mkikuta maneno makali, mlaumuni fundi aliyetengeneza kiti.

Sitawaambia nilipandishwa cheo lini wala nilikuwa napata shilingi ngapi. Cheo cha mkalimani wa korti ni kusimama, na nilisimama mpaka miguu ikafura. Mkitaka hesabu, nendeni kwa karani wa fedha, yeye ana muda.

Nilianzia Bungoma, enzi ambapo mji wote ulikuwa stesheni ya reli, maduka machache ya Wahindi, msikiti wa bati na mbu. Baba yangu alikuja bara na misafara, akaoa kwa Wabukusu, akabaki. Kiswahili nilipewa na baba, Kibukusu na mama, na Kiingereza nilikipata shule ya misheni, ambako walinifundisha sala zao nami nikarudi nyumbani kuswali zetu, na hakuna aliyedhurika. Siku yangu ya kwanza kortini kesi ilikuwa ya mbuzi aliyekula mihogo ya jirani. Mwenye mihogo alimtukana mwenye mbuzi kwa dakika nzima bila kupumua. Mimi, kwa adabu zangu za msikitini, nikamwambia hakimu kwamba mlalamikaji amekasirika.

Mkalimani mkubwa alikuwa Mzee Feruzi, Mnubi mwenye tarbushi nyekundu iliyopauka na sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Alinivuta nje kwa kola. "Nani alikutuma kufua nguo za watu?" akaniuliza. "Yule ametukana. Tusi ni mali yake. Mpe hakimu tusi lote, na mkia wake." Tukarudi ndani, nikatoa tusi lote, hakimu akawa mwekundu, na mwenye mihogo akashinda kesi. Mzee Feruzi alinifundisha mengine pia. Kula kabla ya korti, kwa kuwa mkalimani mwenye njaa hufupisha. Weka kipande cha tangawizi kavu shavuni, koo lisikauke. Simama mahali unapoiona mikono ya anayesema, kwa sababu mikono hutangulia ulimi. Hayo ndiyo yote niliyoyahitaji kwa kazi nzima, na hakuna hata moja lililoandikwa katika kile kijitabu walichowapa nyinyi.

Reli ilipofika Kitale nikahamishiwa huko, maana masetla walikuwa wengi na kesi zao nyingi zaidi. Huko nilijifunza kudharau, na nilikuwa mwanafunzi mwepesi. Niliona setla aliyemvunja mtu mbavu akilipa faini na kwenda kunywa chai, na mchungaji wake aliyepoteza ndama akienda jela. Niliona wakili aliyesafiri siku mbili kuja kusema "naomba tuahirishe." Niliona wazee wa baraza waliolala mashauri yote na kuamka wakati wa hukumu, wakasema, "Afungwe." Mtu akiniambia korti ni nyumba ya haki, namwambia nilifagia nyumba ile kwa macho yangu miaka yote hiyo, na najua uchafu ulikuwa unafichwa kona ipi.

Sasa nifike kwenye kesi ambayo nyinyi hunong'ona mkidhani nimelala. Kitabu cha kwanza cha sheria nilichokikuta kilitungwa kwa ajili ya India, kikaletwa huku pamoja na makarani wake. Baadaye kikaja kipya. Mengi yalibadilika, lakini kifungu kimoja kilihama salama kabisa: mwanamume akilala na mwanamume mwenzake, wanakiita kinyume cha maumbile, na kifungo chake kinafika miaka kumi na minne. Aliyekubali naye anafungwa. Wiki moja kabla ya kesi ninayotaka kuwasimulia nilifasiri ya mtu aliyemvunja mkewe mkono kwa mpini wa jembe. Alipewa miezi mitatu, na hakimu akamshauri awe mpole.

Nyumbani kwa mama yangu mambo hayo yalijulikana. Watu hawakuyasifu, msije mkasema mzee anaongopa. Waliyacheka, waliyanong'ona kisimani, wengine walitema mate. Lakini sikuwahi kumsikia mtu akiita mashahidi waje waeleze watu wazima wawili wanalalaje. Nyumba ina mlango, na mlangoni watu hupiga hodi. Mimi ni Mwislamu, najua dini yangu inasema nini juu ya tendo lile. Najua pia inasema nini juu ya mtu anayechungulia nyumba za watu, na hilo sijamsikia yeyote akilihubiri, si Ijumaa wala Jumapili.

Kule Endebess palikuwa na wazungu wawili, wanaume, walioishi pamoja katika nyumba ya mawe tangu walipotoka vitani. Kitanda kilikuwa kimoja. Najua kwa sababu mpishi wao alikuwa jirani yangu, na ndiye aliyekitandika. Hakimu wetu alikuwa akienda kula kwao Jumapili, na akirudi huwasifia bustani yao ya waridi. Hakuna inspekta aliyewahi kutoboa ukuta wao, na mimi sikutaka autoboe, walikuwa watu wapole wasiopiga mtu. Ninachosema ni kwamba maumbile, kwa miaka yote niliyokaa Kitale, yaliudhiwa na watu weusi peke yao.

Shamba la tatu kutoka kwa hao wazungu ndipo walipofanya kazi Masinde na Kiboi. Masinde alikuwa Mbukusu wa Kamukuywa, mwendesha maksai wa plau, mrefu, mzito wa kusema. Kiboi alikuwa mtu wa Mlima Elgon, mkamuaji, na maneno aliyobana Masinde aliyasema yeye yote. Walikaa kibanda kimoja kambini miaka mingi, wakalima kipande cha ardhi kando ya mto alichowaruhusu bwana wa shamba. Wanawake wa kambi walinihadithia walipokuja kortini. Masinde akichelewa kurudi, walimwita Kiboi, "We, mzee wako amepotea?" Naye huwajibu, "Atarudi akisikia harufu ya ugali." Wakacheka, wakapewa maziwa, wakaenda zao. Kambi nzima ilijua na kambi nzima ilikunywa yale maziwa.

Nyapara wa shamba aliitwa Wamalwa. Alikuwa amemwoa Nasimiyu, dada wa kuzaliwa wa Masinde, kwa hiyo Masinde ni shemeji yake. Wamalwa alikuwa Mkristo, na Ukristo wake ulidumu kila Jumapili hadi saa sita mchana. Alikuwa anatafuta mke wa pili kimyakimya, na mke wa pili anahitaji shamba. Kile kipande cha mtoni kilimkaa rohoni. Aliwahi kumwomba Masinde, Masinde akakataa kwa neno moja. Basi akaenda polisi.

Inspekta alikuwa kijana mgeni, amechoshwa na kesi za maziwa yaliyotiwa maji. Alipopata hii alifurahi utadhani ameokota almasi. Wamalwa alisema alichungulia kwenye tundu la ukuta akaona kila kitu, kwa hiyo inspekta akaamuru ukuta wenyewe uletwe kortini uwe ushahidi. Askari wawili wakaukata ukuta wa udongo, na kibanda kikabaki wazi upande mmoja. Wakaupakia kwenye gari la ng'ombe wakashuka nao kutoka Endebess. Ile barabara mnaijua. Kilichofika Kitale kilikuwa fito na gunia moja la udongo. Inspekta alimwonyesha hakimu gunia, akasema tundu lilikuwa humo. Nilifasiri hilo pia, kwa uso mkavu, na kati ya mambo yote niliyoyafanya kortini hilo ndilo lililokuwa gumu zaidi.

Wakawekwa kizimbani wawili, wamefungwa pingu moja. Hakimu akasoma kifungu kwa sauti ya chini, nami nikakisema kwa sauti yangu ya kawaida. Masinde alifikiri sana.

"Mwambie Bwana, huyu ni mtu wangu," akasema. "Hiyo ingine anauliza ya nini?"

Kiboi akadakia, "Na mimi nikifungwa, ng'ombe nani atakamua? Yule nyapara hawezi. Ng'ombe napiga yeye teke."

Hakimu akasema wajibu kama wana hatia au hawana. Wakasema hawana. Kiboi akaniuliza pembeni ile miaka kumi na minne inahesabiwaje, kama siku za jela zinaenda pole au zinaenda mbio. Nikamwambia sijui. Masinde alisikia, na mkono wake uliokuwa ndani ya pingu ukashika wa mwenzake pale pale mbele ya korti, na askari hakujua kama kuna sheria ya kuukataza.

Hakimu alikaa na wazee wawili wa kumshauri juu ya mila. Mmoja alilala, sina la kumwongezea. Wa pili aliitwa Mzee Khaemba. Msimtarajie awe mtu wa busara. Alikuwa mbishi, mwoga wa mapepo, na aliwachukia washtakiwa kuliko inspekta. Kabla kesi haijaanza aliniambia kwamba kama angeachiwa yeye, wangefungwa mpaka jela ioze.

Wamalwa akapanda kizimba cha mashahidi. Akaapa kwa Biblia, akaibusu mara mbili ingawa hakuna aliyemwomba. Akaeleza. Alieleza kwa raha, na kila inspekta alipomwambia "endelea," aliendelea kupita mahali alipotumwa. Mimi nikafasiri. Nyuma ya korti wanawake walijifunika nyuso kwa kanga, na Nasimiyu alikuwa kati yao na mtoto mchanga mgongoni. Wamalwa alipomaliza alijifuta jasho kama mtu aliyetoka kulima. Niliwatazama wale wawili nikaona kesi imekwisha.

Hapo Mzee Khaemba akainua mkono.

"We Wamalwa. Unasema umeona shemeji yako uchi?"

"Kweri kabisa, mzee."

"Kwa macho yako haya mbiri?"

"Haya mbiri."

"Lini?"

"Kabla ya kupanda mahindi."

Mzee akavuta pumzi. "Na kondoo walichinja wapi?"

Hakimu akaniuliza kondoo gani, nikamweleza. Kwa Wabukusu, mtu na shemeji wana heshima nzito kati yao. Ukimwona uchi, hata kwa bahati mbaya, umevunja mwiko, na mwiko huo ukiachwa unawaangukia watoto. Sharti kondoo achinjwe, upakwe taka za matumbo yake, na kabla ya hapo usile na mkeo wala usimshike mtoto. Mtu haoni jambo kama hilo na kukaa nalo kimya msimu mzima. Hakimu akasema haoni kondoo anahusiana vipi na sheria. Mzee Khaemba hakungoja nifasiri. Alikuwa ameshasimama, anaburuta kiti chake kukiweka mbali na shahidi, mpaka akamgonga yule mwenzake aliyelala.

"Mimi sikai na huyu," alisema. "Hajaoshwa. Nitakufa mimi?"

Inspekta akamnong'oneza Wamalwa, naye akakumbuka. Akainua kifua. "Mimi ni Mkristo, mzee. Mambo ya kondoo niliacha zamani."

"Basi kaa huko na Ukristo wako. Usisogee huku."

Inspekta akatabasamu. Kwake jambo lilikuwa limekwisha, na kwa kweli mbele ya sheria lilikuwa limekwisha. Shahidi ameona, shahidi ameapa. Lakini Nasimiyu alikuwa amesimama. Askari akamwambia akae, naye akamsukuma askari kando kwa kiwiko.

"Wamalwa," alisema. "Kabla ya kupanda? Huyu mtoto si nimezaa baada ya kupanda? Umemshika. Umekula sahani moja na watoto wangu, unawamegea ugali na huo mkono. Na ulikuwa na hiyo kitu kwa macho siku zote hizo?"

"Keti chini, mama," akasema askari.

"Sikai! Aseme hapa hapa. Wamalwa, uliona ndugu yangu uchi? Ukisema ndiyo, mimi naenda kwa mama leo na watoto wote, na mali ya mahari hutarudishiwa. Ukisema hapana, sema hapana."

Hakimu aligonga meza, akaniuliza mwanamke anasema nini. Nikampa yote, na mkia wake. Niliitazama mikono ya Wamalwa. Ilikuwa inashika ukingo wa kizimba, inauachia, inaushika tena. Alimtazama mtoto mgongoni kwa mama yake, akamtazama inspekta, akatazama lile gunia.

"Sikuona," akasema.

"Umeapa kwamba uliona," hakimu akamwambia.

"Tundu lilikuwako, Bwana. Lakini ndani kulikuwa na giza."

"Basi uliona nini?"

"Giza, Bwana."

Nikafasiri. Inspekta akaketi. Hakimu aliandika kwa muda mrefu, kisha akawaachia huru, lakini hakuweza kuwaachia bila hotuba. Aliwaambia kwamba wanamtia kinyaa na kwamba wamepona kwa bahati tu. Mzee Khaemba aliitikia kwa kichwa toka kule alikohamia. Jumapili yake mchungaji akahubiri habari za Sodoma kwa saa nzima, Wamalwa akiwa benchi la mbele. Na wiki hiyo hiyo, wanawake wa kambi wameniapia, Wamalwa alichinja kondoo nyuma ya nyumba yake akapakwa mpaka masikioni. Mtu aliyeona giza ametakaswa kwa ajili ya nini, mwulizeni mwenyewe, bado yuko hai.

Mnadhani waliachwa? Bwana wa shamba alisema hataki kelele shambani kwake. Kila mfanyakazi siku hizo alivaa kipande, yaani cheti chake cha kazi, shingoni ndani ya kikopo, na bila sahihi ya bwana wa kwanza hakuna bwana wa pili wa kukupokea. Ukiondoka kabla ya mkataba kwisha, umetoroka, unakamatwa. Kiboi alitiwa sahihi siku ile ile, akaambiwa aondoke. Masinde alikataliwa sahihi, kwa kuwa waendesha maksai hodari walikuwa adimu. Sheria ilishindwa kuwatenganisha kwa miaka kumi na minne, kalamu ya setla ikafaulu kwa dakika moja. Kile kipande cha mtoni akapewa Wamalwa. Nasikia mke wa pili hakumpata, Nasimiyu aliwaambia wasichana wote wa kambi habari za kondoo.

Nyinyi vijana siku hizi mnaniambia eti mambo haya yaliletwa na wazungu. Mimi nilikuwapo. Nilichoona kikiletwa ni kifungu, na kimeletwa kikiwa kimechapwa tayari. Bado kimo kitabuni, mtakikuta. Na atakapokuja mtu wa kuchungulia, mtamjua kwa jinsi anavyoeleza kwa raha.

Mvua zilipita. Asubuhi moja nikaitwa kufasiri kesi za watoro, kundi zima, na katika kundi nikamwona Masinde. Kosa lake lilikuwa kuacha kazi Endebess bila ruhusa. Hakimu alikuwa yule yule. Alimtazama, akanitazama, nikaona amemkumbuka.

"Una hatia au huna?"

"Ninayo," Masinde akasema. Alikuwa amekonda, lakini sauti yake ilikuwa nyepesi kuliko nilivyoijua. "Nilitoroka kweli."

"Ulienda wapi?"

"Nyumbani. Kamukuywa."

"Kwa nani?"

"Kwa mama. Na Kiboi. Mama alimpokea wakati alifukuzwa, anamkamulia ng'ombe. Nilikaa nao mwezi mbili ndio askari wakakuja."

Nikafasiri neno kwa neno. Inspekta aliinua uso kwenye karatasi zake, kisha akaurudisha. Hakimu naye alishika kalamu bila kuandika. Angeweza kuuliza zaidi. Labda alilikumbuka gunia. Akainama, akaandika, akasema, "Mwezi mmoja jela."

Watoro wengine walikuwa wamelia, wamepiga magoti, wametaja watoto wagonjwa. Masinde alihesabu kwa vidole.

"Mwezi moja tu?" akaniuliza. Nikamwambia mmoja. Uso wake wote ukafunguka, na mimi, ambaye nimezeeka katika kudharau, nilisikia furaha mpaka kooni.

"Mwambie Bwana ni sawa," akasema. "Lakini huyo Kiboi hajui kulima, yeye ni maziwa tu. Maharagwe yataozea kwa shamba, na atakaa kufikiri nimefungwa ile miaka mingi. Kuna mtu anaenda Kamukuywa?"

Niliyafasiri yote. Hakimu hakuinua kichwa. Askari alikuwa ameshamshika mkono kumtoa.

"Kesho ni siku ya soko huko," nikamwambia. "Nitaenda mwenyewe."

Hakimu akaniuliza ninamwambia nini mfungwa. Nikamwambia nimemjibu swali lake.